Mama Yona Apeleka Posa Anuradhapura

Wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa huko Kigoma, wanamjua Marcelina kwa mambo mawili. La kwanza, dagaa wake hawana mchanga, kwa sababu alianza kuanika juu ya chanja za wavu tangu wenzake walipokuwa wakimcheka kwamba anaharibu mbao. La pili, hatumi mtu kwenye jambo lake. Marehemu mumewe alipolazwa, yeye ndiye aliyemwuliza daktari maswali ambayo shemeji zake walikuwa wakinong'onezana kwenye korido. Kwa hiyo mwanawe Yona alipomwambia kwamba anataka kumwoa Nadika, na kwamba kwao Nadika ni Sri Lanka, kisiwa kilicho chini kabisa ya India, Marcelina hakutafuta mshenga.

"Posa hupelekwa na wanaume wa ukoo," alisema shemeji yake Nikodemu, aliyekuja nyumbani kwake Katubuka makusudi kulizungumza hilo.

"Ni kweli, shemeji. Pasipoti unayo?"

Nikodemu akanywa chai yake mpaka ikaisha, akaulizia habari za mahindi.

Nadika mwenyewe walimfahamu. Alikaa miaka miwili Kasulu, akipima maji ya visima kwenye kambi ya wakimbizi, na Yona ndiye aliyekuwa fundi umeme wa pampu za visima vile. Kiswahili alikijulia huko, pamoja na salamu za Kiha, na alipofika Katubuka mara ya kwanza alipiga magoti kumwamkia Marcelina hata majirani wakatoka kuangalia. Shida ilikuwa kwa mama yake. Bi Kusuma, mjane na mwalimu mstaafu, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba waje, awatembeze kwenye miji ya kale ya wafalme wao na mahali patakatifu pa dini ya Buda, halafu ndipo watazungumza.

"Mama, huo ni usaili," Yona alisema.

"Na mimi nitakuwa namsaili yeye."

Marcelina akauza kiwanja chake cha Buzebazeba, akapata nauli ya watu wawili. Katika sanduku lake, chini ya nguo, aliweka dagaa wa chanja waliofungwa nailoni juu ya nailoni. Mtu wa Kigoma haendi ukweni mikono mitupu.

Walianzia Anuradhapura, mji uliokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja. Bi Kusuma alikuwa amewaambia wavae nguo nyeupe, na kwenye lango wakavua viatu na kofia. Jua lilikuwa limeyachoma mawe ya njia. Yona aliruka hatua chache kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, akakimbilia kivulini. Marcelina alipita katikati ya njia bila haraka. Nyayo zilizozoea mchanga wa Kibirizi saa saba mchana hazikuona jambo geni. Bi Kusuma alizitazama nyayo zile, kisha akamtazama usoni.

Waliuona mti uliotokana na tawi lililoletwa kutoka India zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, matawi yake yakishikiliwa na nguzo za dhahabu kama mzee anayeshikwa mikono na wajukuu. Kutoka hapo walikwenda kwenye kuba jeupe, kubwa kama kilima, lisilo na mlango wala dirisha. Nadika alieleza kwamba ndani mmezikwa masalia matakatifu, na kwamba watu hulizunguka wakiliweka upande wa kulia.

"Na hizo meza?" Marcelina aliuliza.

"Za sadaka, mama. Kila mtu anaweka alichokuja nacho."

Nadika alimaanisha maua, kwa kuwa pale kila mtu alikuwa ameshika maua, hata akaona hakuna haja ya kuyataja. Lakini Marcelina ni mtu wa parokia. Siku ya mavuno, matoleo hupanda altareni kwa ngoma: jogoo, mkungu wa ndizi, chupa ya mawese, kila mmoja na jasho lake. Alifungua mkoba, akatoa dagaa aliokuwa amewaandaa asubuhi kwa ajili ya Bi Kusuma, akawamwaga kwenye sahani aliyoiazima kwa muuza maua, akaifunika kwa kitambaa. Akainyanyua juu ya kichwa. Akaenda kwa mwendo wa matoleo, hatua mbili mbele na moja nyuma, mabega yakicheza, na alipofika mezani akapiga kigelegele kirefu.

Mamia ya watu waliovaa nyeupe, waliokuwa wakisali kwa sauti ndogo, wakageuka.

Aliitua sahani katikati ya maua ya yungiyungi, akafunua. Kunguru mmoja akashuka palepale, akaondoka na dagaa. Wakafuata wengine. Askari wa hekalu akaja mbio akipunga mikono, Nadika nyuma yake, rangi imemtoka.

"Mama, samaki hawawekwi hapa! Kitu kilichouawa hakiwekwi mbele ya Buda!"

Yona aliuficha uso kwa viganja. Bi Kusuma alisimama na maua yake mkononi, wala hakusogea.

Marcelina aliwafukuza kunguru kwa kitambaa. Akawakusanya dagaa mmoja mmoja, pamoja na wale walioangukia katikati ya petali, akarudisha kitambaa juu. "Mwambie baba huyu hivi," alimwambia Nadika. "Kwetu tunampelekea Mungu kilichotoka mikononi mwetu. Mikono yangu inatoa hiki. Kama hapa hakipokelewi, nimekiondoa. Kigelegele siwezi kukiondoa, anisamehe."

Askari alisikiliza, akakuna shingo, akaonyesha mahali pa kunawia mikono.

Usiku ule Bi Kusuma aliwakaribisha chakula, kisha akaenda kulala mapema. Asubuhi, njiani kwenda Polonnaruwa, mji mkuu wa pili wa wafalme wale, alikaa mbele na dereva akitazama mashamba ya mpunga.

"Mama, umeniua," Yona alinong'ona kiti cha nyuma.

"Hujafa. Maiti haimalizi sahani mbili za wali."

"Atakataa."

"Akikataa, atanikatalia mimi, siyo kunguru. Tulia."

Polonnaruwa waliteremka kwenye mwamba mmoja mrefu uliochongwa sanamu za Buda: mmoja ameketi, mmoja amesimama, na mmoja amelala ubavu, kichwa juu ya mto wa mawe ulioonekana kubonyea kwa uzito wake. Marcelina alishangaa kwa dhati. Aliwaza mtu aliyeshika tindo, siku baada ya siku, akijua kwamba pigo moja baya haliungiki.

Hapo ndipo Bi Kusuma alipogeuka na kuzungumza, na Nadika akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa.

"Anauliza, nikiolewa Kigoma, nitaruhusiwa kubaki na dini yangu? Au mtanibatiza?"

"Dada yangu Leonia ameolewa Ujiji, kwa Waislamu," Marcelina alisema. "Jumapili mkwewe ndiye anayemgongea mlango asichelewe misa."

Bi Kusuma alitikisa kichwa. "Huyo ni mkwe wa dada yako. Mimi nakuuliza wewe."

Yona alimkazia mama yake macho: sema ndiyo, basi, tuondoke. Marcelina alilielewa jicho lile. Aliiangalia tena sanamu iliyolala.

"Mwambie nitapenda siku moja uje kanisani na mimi. Nitakuuliza, mara moja tu. Ukikataa, nitakutengea mahali pa kuwekea maua yako, uani, kuku wasikofika."

"Mama," Nadika alisema polepole, "nitafsiri yote?"

"Yote. Na kuku."

Nadika akatafsiri. Bi Kusuma akacheka kidogo puani, kama mtu asiyetaka kuonekana anacheka mahali patakatifu.

"Walimu wenzangu waliniambia mama wa kijana atasema ndiyo kwa kila kitu," alisema. "Nilikuwa namngoja huyo mama. Jana ulipokosea hukumtupia lawama binti yangu, na leo umeniambia hata lile nisilolipenda." Akauliza kwa uso uleule wa ualimu: "Wale samaki wamebaki?"

Mchana ule, nyumbani kwa binamu yake, Bi Kusuma aliwakaanga dagaa mwenyewe kwa vitunguu, pilipili na nazi, kwa kuwa hata kisiwani kwao samaki wadogo wakavu ni kitoweo cha kila siku. Wakala wote. Lakini hakusema ndiyo. Dambulla waliingia kwenye mapango yaliyochorwa kuta na dari, na huko pia hakusema. Yona akaanza kukonda upya.

Kandy, mji mkuu wa mwisho wa wafalme, walikaa kwenye ukuta wa ziwa, ng'ambo ya hekalu linalotunza jino la Buda. Marcelina aliliona ziwa lile dogo, zuri, la kumaliza kuzunguka kabla chai haijapoa. Bi Kusuma akamwuliza Nadika jambo fupi. Nadika akashika mdomo.

"Mama," alisema, "anauliza Yona alizaliwa saa ngapi."

"Ya nini?"

"Mnajimu anapatanisha nyota za watu wawili. Saa ya kuzaliwa haiulizwi ya kijana usiyemtaka."

Yona alisimama wima, akakaa, akasimama tena. Marcelina alimvuta shati akae.

"Alizaliwa meli ikipiga honi kuondoka bandarini," alisema. "Nilikuwa nasukuma, nikaisikia."

"Meli huondoka saa ngapi?" Nadika aliuliza.

"Jioni, saa kumi. Ila siku ile ilichelewa, na hakuna aliyeangalia saa. Mnajimu aandike hivyohivyo, ilichelewa. Kisha tuijue tarehe ya harusi. Nina watu wengi wa kuwaalika Kibirizi, nao wanataka kujiandaa."