Gari Lililofungwa Nyuma

Sisi watu wa huku juu ya Olenguruone ndio tuliomchosha Hiram Njuguna, na tulimchosha kwa shukrani. Kila aliyembebesha mzigo alimwambia Mungu akubariki, Baba Shiru, kisha akashuka akaenda zake. Nayasema haya mapema kwa sababu huku kwetu watu wanapenda kuanza habari zake pale alipoleta lile gari la kijivu, utadhani mtu aliamka tu siku moja akawa na roho mbaya.

Alikuwa na pikapu nyeupe, ya viti vya mbele tu, aliyoinunua akiwa bado karani wa chama cha maziwa. Kwa miaka kumi na tisa pikapu hiyo ilikuwa ya kijiji kizima. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini huku milimani mwenye gari lililo wazi nyuma hana gari, ana kazi. Ukipita langoni kwake alfajiri ungekuta mitungi ya maziwa imepangwa, magunia ya viazi yamesimamishwa, na pengine mwanamke aliyeshikwa na uchungu ameketi juu ya gunia. Ikifika Desemba, pikapu ilibeba hema, viti na sufuria za kila harusi. Mwaka ule mbaya, watu wa kabila letu na watu wa kabila la kina Hiram walipokuwa hawasemezani, Hiram alimbeba mama yangu mzazi hadi Molo akiwa na kichomi, na njiani alisimamishwa mara mbili na vijana wa kwetu waliomjua vizuri kuwa si wa kwetu. Mama aliishi miaka sita zaidi. Mimi ni Jeruto, Mama Micah, jirani yake. Shamba letu na lake yanatenganishwa na ua wa kayaba.

Basi mkewe Wariara akapatwa na ugonjwa wa figo. Daktari wa Nakuru alimwambia atakuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, maisha yake yote, na kwamba asithubutu kukosa. Wariara alitueleza mwenyewe nje ya kanisa, akicheka. Alisema sasa ameolewa na mashine, na Hiram ni dereva wa harusi. Alikuwa mtu wa hivyo. Hata habari mbaya alikupa akiwa amekushika mkono.

Kwenda Nakuru hakukuwa taabu kubwa. Taabu ilikuwa kurudi. Akitoka kwenye ile mashine mwili wote umelegea, kila shimo la barabara lilimwingia tumboni, na ile pikapu ilikuwa ngumu, inakurusha hata ukiwa mzima. Kutoka lami hadi kwetu ni kilomita sita za udongo. Mara nyingi nilisafiri nao, nimekaa katikati nimemshika Wariara begani, na nyuma kuna wanawake saba au wanane na makabichi yao. Tulikuwa tukisema tunamsindikiza mgonjwa. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaenda sokoni bure.

Alhamisi moja walirudi Wariara ametapika njia nzima. Langoni kulikuwa na watu wanaongoja na magunia, mimi nikiwa mmoja wao, kwa kuwa mnunuzi wa viazi alikuwa Keringet siku hiyo na hangelala. Hiram alimwingiza mkewe ndani. Alirudi kwenye pikapu, akaketi, akalaza paji la uso juu ya usukani, akakaa hivyo. Nilimwona. Nilingoja kidogo, halafu nikapakia magunia yangu mawili.

Desemba hiyo akauza kipande cha shamba la chini na kusema anatafuta gari lingine. Siku ya kwenda kuchagua ilikuwa siku ya mashine, kwa hiyo tulimwacha Wariara hospitalini, nami nikamfuata Hiram kwa sababu mbegu zangu nilikuwa nimeshanunua na sikuwa na pa kukaa. Joginder, fundi wake wa miaka mingi, mzee Singasinga mwenye gereji karibu na reli, alikuja kumsaidia kuangalia. Yadi yenyewe iko kando ya barabara kuu, magari yamepangwa yanang'aa, kila moja na karatasi kwenye kioo.

Joginder alipita magari kumi bila hata kuyatazama, akasimama mbele ya pikapu moja ndefu ya milango minne, iliyoinuka juu, ya dizeli.

"Hii ndiyo ya huko kwako," alisema, akilipiga tairi teke. "Iko na four-wheel ya kweli, miguu yote nne inavuta. Iko na gia ya matope. Watu wanakaa ndani, mzigo inakaa nyuma. Maneno imeisha."

"Na springi?" Hiram aliuliza.

"Ngumu kidogo. Ukiweka uzito nyuma italainika."

Hiram alikuwa ameshaona gari la kijivu upande wa pili, lile lililotoka Japani, refu kidogo, lenye vyuma vya kubebea mizigo juu na sura ya gari la watalii. Alifungua mlango wa nyuma, akakandamiza kiti kwa kiganja mara mbili. Kisha akaingia, akaketi pale ambapo Wariara angeketi, akafumba macho.

Joginder aliinama kwa shida, akachungulia chini yake. "Mzee Hiram, sikia mimi. Hii sura tu ndiyo ya msitu. Inavuta na miguu ya mbele peke yake. Na angalia tumbo, iko chini. Kiangazi ni gari ya raha, siwezi danganya wewe. Mvua ikikuja itakulaza kwa njia."

"Hata hiyo yangu si four-wheel," Hiram alisema kutoka ndani, "na imepanda hiyo milima miaka yote."

"Imepanda sababu iko na watu kumi nyuma! Uzito ndiyo inashika barabara. Ikikwama, hao watu kumi wanashuka wanasukuma. Wewe ulifikiria ni injini?"

Hiram alicheka kidogo, lakini hakutoka kwenye kile kiti. "Joginder, sitaki tena kitu iko wazi nyuma. Nikikuwa nayo hawa watu hawataniachilia. Nataka gari ya mama na mimi. Basi."

Alisema hawa watu, nami nimesimama hatua tatu kutoka kwake na mfuko wangu wa mbegu. Yale maneno yalinichoma. Sikusema kitu njia nzima hadi nyumbani, na nilipofika nilisema sana. Nilimweleza huyu na yule kwamba Hiram amenunua gari la kutukimbia, nikamwiga hadi sauti. Lile neno lingine, gari la mama na yeye, sikulipeleka popote. Niliamua kusikia moja tu.

Ile pikapu nyeupe iliuzwa kwa mtu wa Elburgon, na gari la kijivu likaanza kazi. Kuanzia Januari hadi Machi lilifanya yote aliyotaka Hiram. Wariara alilala njia nzima, akashuka akitembea mwenyewe, uso ukapata rangi. Hiram aliliosha kila jioni, na viti aliviacha na nailoni zake za dukani. Wachache walijaribu kwenda na magunia yao langoni, akawaambia kwa heshima kwamba hilo si gari la mzigo. Tukampa jina, Bwana Vioo, kwa vile alivyojifungia ndani ya vioo, na mimi ndiye niliyelitoa. Maziwa yakaanza kwenda kwa bodaboda. Asubuhi langoni kwake hakukuwa tena na mtu.

Siku moja Wariara alikuja hadi kwenye ua wa kayaba, akaniita.

"Jeruto, kwani ulihama?"

"Niko tu, Mama Shiru."

"Hilo gari ni laini, sikufichi. Lakini ni kimya! Mzee akishika usukani haongei, anaangalia mashimo tu. Njoo twende Alhamisi. Nafasi iko."

"Alhamisi nina kazi," nikamwambia.

Sikuwa na kazi yoyote. Wariara alinitazama, akasema haya basi, akachuma majani mawili matatu ya kayaba akiyavunja vunja, kisha akarudi kwake polepole. Hakunialika tena.

Mvua za Aprili zilianza kwa nguvu. Wiki ya pili, Jumatatu, nilisikia gari la kijivu likitoka, na kabla sijamaliza kukamua nikalisikia likirudi. Lilikuwa limeshindwa na mlima ulio mbele ya nyumba yangu. Kwa hiyo nilijua kwamba Jumatatu Wariara hakusafishwa. Jumanne nilimwona akiwa ameketi nje, amevimba miguu na uso, akipumua kwa mdomo. Tulipungiana mikono tu.

Alhamisi, saa moja kasoro asubuhi, gari likatoka tena. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Nilikuwa jikoni nawasha moto. Nililisikia likifika chini ya mlima, likanguruma, likapanda kidogo, kisha magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Likazimwa. Likawashwa. Likazunguka tena, safari hii kwa muda mrefu hadi nikasikia harufu ya mpira. Kutoka mlangoni kwangu hadi pale ni mwendo wa kuvuka shamba la njegere.

Nilivaa gambuti zangu za matope. Nataka hilo lijulikane, nilivaa gambuti zote mbili na nikachukua jembe na gunia la kuweka chini ya tairi. Nikasimama mlangoni. Nikajisemea, akipiga honi tu, naenda. Akiita tu. Alituambia hataki watu, basi leo aseme anawataka. Nyumba ya jirani wa chini nayo mlango ulikuwa wazi, na najua kwamba huko pia walisikia. Honi haikulia. Nilisimama hapo hadi miguu ikapata baridi, nikarudi ndani, nikachochea moto.

Walikaa pale kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Kipkirui, mume wangu, ndiye aliyewakuta akirudi na trekta la shamba analofanyia kazi. Akalifunga gari la kijivu kwa mnyororo na kulivuta hadi lami. Aliporudi alikuwa na matope hadi kifuani. Aliniangalia miguuni.

"Mbona umevaa gambuti?"

"Nilikuwa nataka kutoka."

"Kutoka kwenda wapi?" aliuliza, lakini alikuwa ameshaelewa, kwa sababu hakungoja nimjibu.

Walifika Nakuru saa nane mchana. Nafasi ya Wariara ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine, maana huko hawawezi kuiacha mashine ikae, na wakaambiwa wangoje inayofuata. Hiram alimkalisha kwenye benchi, akaenda kumtafutia maji ya kulowesha midomo. Aliporudi alimkuta bado ameketi vile vile, lakini amekwisha kufa.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata. Kijiji chote kilikuja. Tulipika, tukabeba viti vichwani, tukafagia, tukaimba. Nililia hadi watu wakanishika, na kila aliyenishika aliniambia nilikuwa rafiki mzuri.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea Hiram maziwa. Nilimkuta nje, ameketi kwenye kigoda, na gari lile limesimama kando yake na matope ya siku ile hajayaosha. Nilikuwa nimepanga kumwambia pole nirudi. Badala yake nikajikuta nimesimama hapo na kikombe mkononi.

"Baba Shiru, siku ile nilisikia gari."

"Najua," alisema. "Moshi wako ulikuwa unaonekana."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo.

"Mama Shiru aliniambia nipige honi," akaendelea. "Mara tatu ameniambia. Piga honi, Jeruto atatoka, namjua. Nikamwambia hawa watu nimewafukuza mwenyewe, nitawaita na uso gani? Nikaona nitajaribu tena mara moja. Halafu mara moja tena." Alisugua magoti yake kwa viganja. "Sasa niambie, Mama Micah. Usinifiche. Ningepiga, ungetoka?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na jembe. Nilikuwa nimevaa gambuti. Ningevuka lile shamba la njegere mbio, na jirani wa chini angenifuata, na watu wangetoka kila nyumba kama kawaida, na gari lingesukumwa hadi juu kabla ya saa mbili. Wariara angefika saa nne, na mashine yake ingekuwa inamngoja.

Nilimtazama yule mzee. Macho yake yalikuwa yameniganda usoni, na niliona kwamba jibu nitakalompa ndilo atakalolala nalo na kuamka nalo mpaka afe.

"La," nikamwambia. "Singetoka."

Mabega yake yalishuka, akavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua gunia. Alichukua kile kikombe cha maziwa mkononi mwangu, akayamwaga pale chini, akanirudishia kikombe.

Tangu siku hiyo Hiram hanisalimii. Tukikutana mlangoni mwa kanisa ananipita akiangalia upande mwingine, nami namwacha apite.