Hamisa Amtafutia Mwenyekiti Cheo Kikubwa Zaidi

Kazi ya kuwashauri wanafunzi Hamisa alipewa siku ambayo hakuwepo. Walimu wa sekondari yao pale Makambako walikuwa wamekaa kikao cha kugawana majukumu, yeye yuko nyumbani anamuuguza mtoto, na waliokuwepo wakachukua yale mepesi: huyu michezo, yule maktaba, mwingine usafi. Likabaki moja tu, la kukaa na watoto wa kidato cha nne, kuwasikiliza wakieleza wanataka kuwa nini duniani, kisha kuwasikiliza baba zao wakieleza kwa nini haitawezekana. Likaandikwa jina la asiyekuwepo.

Aliporudi hakulalamika. Kumbe walikuwa wamempa samaki maji. Baba yake alikuwa Mrangi wa Kondoa, aliyeingia Makambako na lori wakati reli ya kwenda Zambia inajengwa, akaona watu wana njaa ya chumvi na vitunguu, hakuondoka tena. Hamisa akakulia katika mji wa wapita njia, ambako mtu hujifunza mapema kumsoma mwenzake kabla hajamaliza kushuka garini. Mume wake, Luqmani, alikuwa na Fuso iliyopeleka mbao na viazi Dar es Salaam, na hata yeye alikiri kwamba katika ndoa yao hakumbuki kubishana na mkewe hata mara moja, ila pia hakumbuki kupata alichotaka.

Siri yake ilikuwa ndogo. Hakumpinga mtu. Mzee Nahumu, muuza mitumba, aliwahi kukataa katakata binti yake Anneth asiendelee na kidato cha tano. Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, kila mwenye meza sokoni anajiona tajiri wa kesho, na mzee alitaka binti akae mezani. Hamisa akaenda kununua sweta. Hakutaja shule. Alimsifia mzee kwa biashara yake, akasema mtu kama huyu baada ya muda atakuwa na maduka matatu, akamhurumia kidogo kwamba maduka matatu yana mikataba, na watu wa kodi wanapenda sana kuongea Kiingereza. Akalipa, akaondoka na sweta lake. Haikupita wiki, mzee akaja shuleni mwenyewe kumuuliza kama hakuna njia Anneth akaendelee na masomo, maana, alisema, wazazi wengine hawaoni mbali.

"Mtu mzima hasukumwi," Hamisa aliwaambia walimu wenzake. "Hupandishwa."

Wakati huo kulikuwa na Chama cha Walimu Washauri, kilichounganisha sekondari za Njombe, za Makambako na nyingine zilizotawanyika hadi Tandala na Ludewa. Mwenyekiti wake tangu kuanzishwa kwake alikuwa Mwalimu Anania, mtu wa Njombe, mwalimu wa kwaya kanisani kwake, mwenye koti la kijivu na tai nyekundu asiyoivua hata jua likiwaka. Alikuwa mtu mwema. Ubaya wake ni kwamba alipenda kuhutubia. Chama kilikutana kila mwaka mjini Njombe, mwezi wa saba, baridi inapouma mpaka kwenye meno. Wajumbe walisali, wakamsikiliza mwenyekiti akizungumzia uadilifu, wakanywa chai iliyokwisha kupoa, kila baada ya miaka mitatu wakamchagua tena, wakarudi makwao.

Hamisa angeendelea kuvumilia kama si vyuo. Kila aliyeweza kupanga chumba na kuchora kibao alikuwa amefungua chuo. Vijana wake waliofeli, na hata waliofaulu, walikuwa wanaingia humo na ada za wazazi wao, wanatoka na vyeti vyenye mihuri mizuri visivyofungua mlango wowote. Alipeleka hoja kwenye chama kwamba washauri watembelee vyuo hivyo kwanza, ndipo wawashauri watoto. Mwalimu Anania aliisifu hoja, akaizungumzia kwa kirefu, akaiweka kiporo. Mwaka uliofuata aliisifu tena.

Basi mwaka wa tisini na sita, nchi nzima ikiwa bado ina joto la uchaguzi wa vyama vingi, Hamisa akapanda gari kwenda Njombe kwa rafiki yake Dorosela. Dorosela alikuwa mshauri katika shule ya wasichana, Mbena wa pale pale, na sauti yake ya kwanza ndiyo iliyoibeba kwaya ya Mwalimu Anania. Wakakaa jikoni, kando ya moto, wakimenya viazi vya moto na kuvichovya kwenye chumvi.

"Ukisimama kumpinga utaanguka," Dorosela alisema. "Nusu yetu tunaimba kwake. Nani atamnyooshea mkono wa hapana mwalimu wa kwaya, halafu Jumapili amsimamishe mbele ya watu aimbe peke yake?"

"Simpingi. Nataka apande."

"Apande wapi? Juu ya mwenyekiti kuna nini?"

"Hakuna kitu," Hamisa alisema. "Ndiyo maana lazima tukitengeneze."

Dorosela akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa moshi.

Walichokitengeneza ni cheo cha Mlezi wa Chama. Mlezi angekuwa mtu wa heshima na busara, angekaa mbele, angefungua mikutano na kuifunga, na marekebisho ya katiba yangepita mikononi mwake ili ayabariki. Kazi nyingine hana. Waliandika kipengele chenyewe usiku ule ule haraka haraka, huku viazi vikiendelea kumenywa, wakakisoma, wakaridhika nacho.

Kisha Hamisa akaanza kampeni, na kampeni yake yote ilikuwa kumsifu Mwalimu Anania. Alimsifu Makambako, akamsifu kwa wajumbe waliokuja sokoni kutoka vijijini, na kila Fuso ya Luqmani ilipoelekea upande wa Ludewa kuchukua mbao ilibeba salamu zenye sifa hizo. Alisema ni aibu mtu mkubwa kiasi kile kuachwa na kazi za kuhesabu vikombe vya chai. Alisema vyama vya wenzao vina walezi, wao ni yatima. Hakusema neno lolote la uongo, na hilo ndilo lililomsaidia kulala vizuri.

Habari zikamfikia Clemens. Huyu alikuwa katibu wa chama na mpiga debe wa Anania, kijana mkakamavu aliyetembea na ahadi ya mwenyekiti kwamba wajumbe wote watapelekwa Kitulo kuona maua, ahadi iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya tatu sasa. Alikuja mpaka Makambako kuchunguza kulikoni. Hamisa akamkaribisha ofisini, akamwagizia chai na chapati, akamsifu mwenyekiti kwa moyo wote.

"Kwa hiyo, Mwalimu, wewe hugombei?" Clemens aliuliza.

"Mimi nitagombea nini wakati bado hatujampa mzee wetu heshima yake? Tumalize hilo kwanza. Tatizo ni nani atakayesimama kulisema. Mimi ni mtu wa Makambako, watasema najipendekeza. Alipaswa kulisema mtu aliye karibu naye."

Clemens hakukubali kuzidiwa na mtu wa Makambako katika kumsifu mwenyekiti wake mwenyewe. Aliondoka na kipengele kile alichopewa na Hamisa mfukoni, amekikunja vizuri, na kabla hajafika Njombe wazo lilikuwa limeshakuwa lake.

Siku ya mkutano ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, na wajumbe waliingia ukumbini wakiwa na mablanketi mabegani. Baada ya sala, Clemens alisimama. Alizungumza vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza. Alieleza jinsi mwenyekiti alivyokilea chama kutoka utoto wake, akasoma kipengele, akaomba cheo hicho kipya apewe Mwalimu Anania angali yupo nao. Makofi yalivuma. Kipengele kikapita bila hata mkono mmoja wa kupinga. Mwalimu Anania alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema anapokea kwa unyenyekevu. Kwa mara ya kwanza hotuba yake ilikuwa fupi.

Kisha yakaja maombi ya majina ya wagombea uenyekiti, na Clemens, akiwa bado na jasho la ushindi, akamtaja tena Mwalimu Anania.

Dorosela akanyoosha mkono. Aliuliza kwa sauti yake ile nzuri ya kwaya, naye haangalii upande wa Hamisa hata kidogo, kama katiba inaruhusu mtu mmoja kushika vyeo viwili.

Kila mtu alijua jibu, kwa sababu kifungu cha mjumbe mmoja cheo kimoja kilikuwa kimeletwa na Mwalimu Anania mwenyewe, nacho alikuwa amekihutubia miaka yote chini ya kichwa cha uadilifu. Watu wa Njombe wakanong'onezana, wakamsukuma Clemens agombee yeye. Watu wa Makambako wakamtaja Hamisa. Kura zikapigwa kwa karatasi zilizokunjwa kwenye kofia ya mlinzi. Sauti ya kwanza yote ya kwaya, pamoja na sehemu kubwa ya sauti ya pili, ilikuwa imempa Hamisa. Akashinda.

Hapo alitegemea kufurahi, na alifurahi, lakini furaha iliingia mguu mmoja tu. Alimwona Mwalimu Anania akikusanya kalamu yake na Biblia kutoka meza kuu, akainuka, akasimama katikati ya ukumbi akiangalia huku na huku. Mlezi alikuwa amepatikana lakini hakuna aliyekumbuka kumwandalia pa kukaa. Hamisa alijisikia vibaya kama mtu aliyemwondoa mgeni kitini. Akainuka mwenyewe, akavuta kiti, akakiweka kando ya chake.

"Hapa, Mzee," alisema.

"Asante, mwenyekiti," Mwalimu Anania akajibu, akakaa, akarekebisha tai.

Kazi ya kwanza ya Hamisa ilikuwa ile aliyoitaka siku zote. Alichagua chuo kimoja kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga, Makambako, ambacho kibao chake kiliahidi utalii, kompyuta na Kifaransa. Aliomba wajumbe wa kumsindikiza. Wengi walikuwa na udhuru. Aliyekuja, kwa basi la asubuhi na koti lake la kijivu, alikuwa mlezi.

Hamisa alikuwa amejiandaa kubishana na mwenye chuo. Hakupata nafasi. Mwenye chuo alipoona tai ile nyekundu ikiinama kupita mlangoni, alijua amevamiwa na serikali. Akaruka kitini, akamwita Mwalimu Anania mheshimiwa, akamfutia benchi kwa kiganja. Mwalimu Anania hakukana wala hakukubali. Alisema tu kwamba angependa kuiona kompyuta.

Walionyeshwa ubao. Juu yake kompyuta ilikuwa imechorwa kwa chaki, vizuri sana, na vitufe vyake vyote, na wanafunzi walikuwa wakiitwa mmoja mmoja kwenda kuibonyeza. Mwalimu Anania akainama kuitazama.

"Na umeme ukikatika," aliuliza kwa upole, "mnafanyaje?"

Mwanafunzi mmoja akashindwa kujizuia, kicheko kikampasuka, kikaambukiza darasa zima. Mwenye chuo alijaribu kueleza kwamba mashine yenyewe iko njiani, lakini hakuna aliyemsikia. Kabla ya mwisho wa mwezi kibao kilikuwa kimeshushwa na wazazi kadhaa wa Makambako walikuwa wamerudishiwa ada, jambo ambalo Hamisa, kwa maneno yake yote matamu, hakuwa na uhakika kama angeliweza peke yake.

Walipotoka, waliingia mgahawa wa Mama Rukaya karibu na stesheni kunywa chai kabla ya basi la kurudi Njombe. Hamisa alitaka kumshukuru, na zaidi ya hapo alitaka kusema kitu kuhusu mkutano ule, ila hakujua aanzie wapi. Alizunguka zunguka, akasema kwamba wakati mwingine mtu hufanya jambo kwa nia njema lakini njia yake ikawa na kona.

"Mwalimu Hamisa," Mwalimu Anania alimkatiza, akikoroga sukari, "mimi nimefundisha kwaya miaka mingi. Naijua sauti ya Dorosela anapouliza kitu asichokijua, na naijua anapouliza anachokijua."

Hamisa akajimiminia chai nyingine.

"Clemens aliniletea kile kipengele nikisome kabla ya mkutano. Nilikisoma mara mbili. Nikaona umesahau kitu, nikasema nisikusumbue." Alikunywa chai yake, akakiweka kikombe chini taratibu. "Mwenyekiti ana miaka mitatu, baada ya hapo watu wanamhukumu. Mlezi hamkumwekea mwisho. Na kurekebisha katiba ni mpaka mimi nibariki."

Basi likapiga honi nje. Akainuka, akavaa kofia, akamtakia mwenyekiti wake kazi njema, akaenda zake.

Hamisa alipomsimulia Luqmani jioni, Luqmani alicheka hadi akalazimika kuketi juu ya gunia la viazi, akasema angependa kumpa mzee huyo mkono. Hamisa naye akacheka mwishowe, ingawa alichelewa kidogo. Aliongoza chama vipindi viwili. Wakatembelea vyuo vingi, vingine vizuri, vingine vya chaki, na kila safari mlezi alikuwepo, amekaa siti ya mbele na koti lake la kijivu, akimuuliza dereva kama amewahi kusikia habari za uadilifu.