Mikunjo Ishirini na Minne

Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, harufu ya pasi ya makaa iliingia kwa dirisha la darasa letu ikitoka chumba cha matroni. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameandika ubaoni neno la Kiingereza la nguo iliyojikunja, na chini yake maneno sita, ndugu zake. Kisha akasema, bila hata kugeuka, "Nyinyi hamna shida hii. Kwenu yote ni kitu kimoja tu, kukunja."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka sasa ninapoandika, kwamba nami nilicheka.

Mimi ni mtoto wa dobi.

Baba alikuwa akifua na kupiga pasi katika shamba moja la ngano upande wa Njoro, kwenye nyumba ya wazungu yenye veranda pande tatu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko, kikinuka makaa, wanga na nguo mbichi. Alikuwa akijaza maji mdomoni, mashavu yanavimba kama chura, halafu anayapuliza juu ya shuka, fyuuu, yanatua kama umande. Memsahib alikuwa amekataza jambo hilo. Baba aliitikia, "Ndiyo, Memsahib," akangoja viatu vyake vipotelee verandani, na mashavu yakavimba tena. Nilikuwa nikicheka hadi mbavu zinauma.

Kwake yeye hapakuwa na "kukunja tu." Makunyanzi ni yale yanayokuja yenyewe nguo ikikaliwa. Mfinyo ni pale mshipi ulipobana. Laini ni ya suruali ya Bwana, inasimama kama makali ya kisu. Na mkunjo ni ule mtu aliouweka kwa kusudi, na huo, alisema, unaheshimiwa. "Kunyanzi ukiliacha lilale," alikuwa akiniambia, "kesho linajenga nyumba."

Ila mimi mkunjo wa kusudi kwenye nguo ya kike nilikuwa sijauona. Gauni langu la shule lilishonwa kama gunia lenye mikono.

Nilikuwa na miaka kumi siku homa ilipomwangusha Baba. Alijilaza juu ya magunia pale pale kazini, meno yakigongana, akaniomba nimalizie kikapu. "Toa makunyanzi yote, mama. Usiache hata moja."

Chini kabisa ya kikapu nikakuta sketi mpya ya binti wa Memsahib, aliyekuwa anarudi bweni Nakuru kesho yake. Ee, makunyanzi gani hayo! Yamejipanga mstari, magumu, hayataki kufa. Nikajaza maji mdomoni kama Baba, nikayapulizia, nikayalalia na pasi moja baada ya jingine. Nilihesabu ishirini na manne. Nilipomaliza, sketi ilikuwa pana kama shuka, nami nikaitundika kama mtu aliyetoka vitani na ushindi.

Memsahib aliingia saa kumi na moja. Aliishika ile sketi kwa vidole viwili.

"Nani nafanya hii?"

Baba aliinuka, ameshikilia meza. Aliitazama sketi, akanitazama mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya mlango, akaelewa yote.

"Ni mimi, Memsahib."

"Miaka nane wewe napiga pasi hapa! Leo nakunywa pombe?"

"Hapana, Memsahib. Ni makosa yangu."

"Kesho saa moja hii iko tayari, ama wewe natoka shamba. Wewe, bibi, toto, yote. Na mimi hapana andika barua."

Bila barua hiyo ya kumsifu, hakuna mzungu mwingine ambaye angemwajiri. Nyumba yetu ilikuwa ya shamba, na shule yangu ilikuwa ya shamba. Kwa hiyo maneno yale yalikuwa yanatung'oa wote, na mimi niliyajua, na ulimi wangu ukawa jiwe. Ni kweli mimi ni mtu wa haya, hata jina langu nikiulizwa hunichukua muda. Lakini siku ile haikuwa haya. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Baba, mbona umesema ni wewe?"

"Lete makaa," akanijibu.

Alitandaza sketi mezani, akaiinamisha kidogo kuelekea mwanga wa dirisha. "Njoo uone. Nguo haisahau ilipokunjwa." Na kweli, kulikuwa na mistari hafifu, myembamba kama nywele. Akaifuata mmoja mmoja, jasho la homa likimdondoka puani, mimi nikishika ncha. Giza lilipoingia mikunjo yote ishirini na minne ilikuwa imerudi mahali pake.

Asubuhi Memsahib aliichukua akaenda zake. Hakusema asante. Hakusema pole. Wala neno la pombe hakulifuta, kwa mtu ambaye hajawahi kuonja hata busaa! Miaka nane ya shuka nyeupe, ikashindwa uzito na sketi moja.

Kwa miaka yote hii nilidhani Baba alidanganya ili kunikinga. Sasa naona kwamba aliposema "ni makosa yangu" alimaanisha. Alinipa kazi ambayo hakuwa amenifundisha, na fundi wa kweli, kwa jinsi alivyoona yeye, hamsukumii mwanafunzi wake lawama. Na mimi niliyekingwa hivyo, mara ya kwanza nilinyamaza akiitwa mlevi. Mara ya pili, Jumanne, alipofanywa mtu asiyejua hata majina ya vitu alivyovishika kila siku, nilicheka na wenzangu.

Jumatano asubuhi nilifika darasani kabla ya kengele. Maneno saba ya Mwalimu yalikuwa hayajafutwa. Nikachukua chaki, nikaandika chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zake: kunyanzi, mfinyo, laini, mkunjo. Mbele ya kila neno nikaeleza maana yake kama Baba alivyonifundisha.

Mwalimu aliingia, akasoma, akatugeukia.

"Nani ameandika haya?"

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema.