Kopo la Moshi

Fundi Dohani, yaani bomba la moshi, hakupewa jina hilo bure. Kwa miaka thelathini, kila gari lililotetemeka likiwa limesimama alilipima kwa sigara. Hewa ilikuwa inaingia kwenye injini mahali isipotakiwa, na ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Basi alizima injini, akavuta, akapuliza moshi kwenye mpira wa hewa na kungoja aone unatokea wapi. Nusu ya moshi iliingia kwenye injini. Nusu nyingine, tusidanganyane, ilibaki kifuani mwake.

Daktari alipoiona picha ya kifua hicho, alimkataza. Dohani akamwapia mkewe, kisha akafumaniwa mara mbili, na mara zote alijitetea, "Kazi ndiyo inayovuta, mke wangu, si mimi." Safari ya pili mkewe hakugomba. Alisema tu, "Nikikukuta tena narudi kwetu," na mama yule hakuwa mtu wa vitisho vya bure.

Sasa limekuja gari la mkunga, linatetemeka kama mgonjwa wa homa. Dohani alipapasa mipira yote, akakaza vibano, wapi! Duka la sigara liko hatua kumi tu. Alikwenda nne, akarudi. Akachukua kopo la maziwa, akatia tambara la oili linalofuka, akalifunga kopo, akalitoboa matundu mawili: moja la pampu ya baiskeli, jingine la mpira wa kupeleka moshi kwenye injini.

Mkewe akaingia na chakula. Panapofuka moshi pana moto. Alisimama mlangoni, uso umembadilika.

"Ninuse," Dohani akasema, akaachama.

Akamnusa mdomo, vidole, kola ya ovaroli. Oili tupu. Dohani akamkabidhi pampu ili yeye atazame, lakini aliyeona kwanza ni mkewe: uzi mwembamba wa moshi, chini kabisa, mpira ulipojikunja.

"Pale! Pale, baba watoto!" Akacheka. Halafu akalitazama kopo, na kicheko kikamkatika. "Hiki kitu ungeweza kukitengeneza tangu zamani?"

Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi.

"Ningeweza," alisema Dohani. "Nilikuwa naitaka sigara."

Mkewe alilia kidogo, zaidi kwa hasira kuliko kwa huzuni. Kisha akafuta macho, akakalia sanduku la spana, akamngoja amalize kazi ili wale chakula.