Jino Lililopigwa Msasa

Ijumaa, tarehe 9 Agosti. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kupenya nguo mbili.

Fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mume wake, mdomo umepanuliwa kwa kijiti. Mume alikuwa mpiga rangi wa magari, na hodari kweli. Gari lililobondeka alilinyoosha, akalisugua, akalipulizia rangi, na mwenye gari akija hajui bonde lilikuwa wapi. Leo alishika kipande cha msasa laini, ule wa kusugulia kwa maji, na alichokuwa anasugua ni jino la mbele la mke wake.

"Tulia! Ukitikisika nitakuchana."

"Inauma, jamani."

"Wewe na ndimu zako! Unasugua jino kama unaosha samaki. Kazi ya mafundi waachie mafundi."

Jino hilo lilikuwa la kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo. Wakati wa kiangazi mume alimpiga mdomoni kwa kitako cha bomba la kupulizia rangi, kisa chai iliyopoa. Halikung'oka. Lilibaki palepale likibadilika, kwanza manjano, kisha kahawia, kisha hivyo lilivyo. Mke alijaribu ndimu na magadi soda. Akajaribu unga wa mkaa, halafu dawa ya mswaki iliyoahidi weupe kwa wiki moja. Meno ya pembeni yake yaling'aa, na lile likazidi kuonekana.

Haraka yote ilitokana na kaka yake, dereva wa lori, mtu ambaye hasira yake hutangulia viatu vyake. Siku ya harusi alimshika bwana harusi begani, akasema, "Shemeji, nakupa dada yangu mzima. Nikimkuta na alama, sitauliza swali." Watu walicheka. Sasa alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumapili atapita. Mume aliogopa kuuawa, na mke aliogopa kaka yake asije akafungwa. Ndiyo maana alikubali kukaa kwenye kile kigoda.

Msasa ulipowekwa chini, fizi zilikuwa zinavuja damu, na jino limepoteza hata ule mng'ao mdogo uliobaki. Kijivu kilikuwa kimekolea. Mume alilitazama, akamzaba mke kofi, kana kwamba jino ndilo lililomsaliti.

"Vaa. Twende kwa daktari. Na ulianguka bafuni, umesikia?"

Daktari wa meno alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa michezo. Alimlaza mgonjwa kwenye kiti, akawasha taa, akampiga picha ya mzizi. Mume alisimama karibu, mikono mfukoni.

"Meno yaliyochafuka kwa nje tu yana njia nyingi," daktari alisema. "Nitakuchongea kifuniko chembamba cha plastiki, utie dawa, uvae nyumbani usiku. Au nipake dawa kali hapahapa, nikiwa nimekinga fizi. Lakini hili, mwanangu, limekufa. Lilipigwa, damu ikavujia ndani, na weusi uko huko. Hulisafishi kwa nje hata ukilisugua mpaka liishe. Linatobolewa nyuma, mzizi unasafishwa, dawa inatiwa ndani na kubadilishwa kila baada ya siku kadhaa."

"Anza basi," mume alisema. "Nataka Jumapili liwe jeupe."

"Jumapili? Hili si bodi la gari, baba. Halafu nani amelikwangua hivi?"

"Alianguka bafuni."

"Bafu gani hilo lenye msasa?"

Msaidizi wa daktari alishindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Hapo mume akawaka. Aliusukuma mkono wa daktari, akambana mke taya na kumtia kidole gumba mdomoni, akamtikisa mpaka kichwa kikagonga taa.

"Mwambie ulianguka! Sema!"

Angesemaje na kidole kimo mdomoni? Akauma. Aliuma kwa magego, akafumba macho, akazidi kuuma mpaka akasikia kitu kigumu, akajua ni mfupa. Mume alipiga yowe na kumchapa ngumi ya sikio, moja, nyingine. Hakuachia. Daktari alinyakua sinia la vyuma, akampiga nalo mgongoni, vifaa vikatawanyika sakafuni. Mlinzi wa mlangoni na mgonjwa mmoja aliyevimba shavu walimvuta mume kwa mkanda, na ndipo meno yakalegea. Alitolewa nje huku damu ikichora mstari kwenye vigae, akiapa kwamba atamzika.

Mke aliinama kwenye sinki, akatema. Daktari alimshika bega.

"Pole, mwanangu. Nikuanzie kulisafisha? Leo sitakutoza."

Alijitazama kwenye kioo kidogo kilichokuwa juu ya sinki. Sikio lilikuwa linavuma, mdomo umevimba. Jino lilikuwa mahali pake, la kijivu, limekwaruzwa.

"Liache kwanza," alisema. "Nataka polisi walione. Niandikie tu ulichokiona."

Hakurudi nyumbani; alijifungia ndani ya chumba chake cha kushonea, kwenye safu ya maduka. Jioni mume alikuja, akaupiga mlango mateke mpaka bawaba moja ikang'oka. Mke alisimama ndani na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, ncha ikielekea mlangoni. Wenye maduka walipotoka na vyuma vya kufungia milango, yule bwana alipotea.

Kesho yake asubuhi mke alisukutua kwa maji ya chumvi, akaenda kituo cha polisi, akaeleza yote, na askari alipoinua kalamu akafungua mdomo bila kuombwa. Askari walipotoka kwenda kumkamata mume, ndipo naye alipotoka nje na kumpigia kaka yake.

"Kaka, usingoje Jumapili. Njoo leo na lori, tubebe cherehani yangu na vitambaa vya wateja. Amenivunja mdomo, lakini nimeshamshtaki. Ukimgusa, utakuwa umeniharibia kesi."

Kaka alitukana mpaka pumzi ikamwishia. Dada alingoja, simu sikioni, mpaka aliposikia, "Haya. Nakuja na lori."

Ndipo akarudi ndani ya kituo kutia sahihi maelezo yake.