Mimi Niliitikia Tu

Rehema mwanangu, kuna siku moja ya kumenya mihogo kwetu Chole, Kisarawe, naikumbuka mpaka leo. Tulikuwa wasichana wengi, tunamenya mihogo ya kuanika makopa, na kazi ile bila nyimbo haiendi. Mwanahawa ndiye alikuwa akianzisha, sisi tunaitikia. Siku hiyo akamtungia rafiki yangu Tatu, eti amekojoa mkekani kwa shangazi yake. Wimbo ulikuwa mtamu, sikufichi. Nikaitikia kwa sauti yote.

Tatu hakumwangalia Mwanahawa. Aliniangalia mimi. Akaweka kisu chini, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Bibi yangu akaniita jikoni.

"Nani kamwimba Tatu?"

"Mwanahawa, Bibi. Mimi niliitikia tu."

"Mwanahawa ana mdomo mmoja. Mimi siku ile nilisikia kumi. Nenda kwao, na usiniletee maelezo."

Nikamkuta Tatu nyuma ya nyumba yao anachambua kisamvu.

"Umekuja kumalizia wimbo?"

"Nimekuja kukuchukua. Twende tukamenye."

"Wakianza tena?"

"Nitakaa na wewe."

Kuomba radhi kwa maneno mazuri sikujua. Nikachambua naye kisamvu mpaka kikaisha, ndipo akanyanyuka.

Kweli, Mwanahawa alipotuona akaanzisha. Nikasema, "Mwanahawa, huo umeshachacha, tupe mwingine." Mmoja akacheka, wengine wakaendelea kumenya. Akaimba peke yake mistari miwili, akaona haya, akaacha.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na nyumba hii ya Kibaha nimeijenga kwa kuuza makopa hayohayo, kwa hiyo usidhani simu zenu zinanitisha. Jana umenionyesha kundi la darasa lenu. Wamemrekodi Neema, yule binti ambaye wazazi wake wamehamia Soga na ng'ombe wao, anasoma kwa lafudhi ya kwao, na darasa zima linamcheka. Ukaniambia, "Bibi, mimi sikuandika kitu, nimeweka kikatuni cha kucheka tu."

Umeitikia, mwanangu. Nakupenda, ndiyo maana sizunguki.

Kifute hicho kikatuni. Ile sauti usimrushie mtu mwingine. Andika humo kundini kwamba imetosha, maneno mawili tu, huna haja ya kugombana na mtu. Wakizidi, mwambie mwalimu, na atakayekuita mbea mwache aite. Lakini kabla ya yote mwandikie Neema mwenyewe, leo hii, maana umesema siku ya tatu haonekani shule, na mtoto aliyejifungia ndani anakumbuka kila aliyecheka. Mwambie ulikosea. Jumatatu mpitie, muingie darasani pamoja, ukae naye dawati moja.

Mungu akupe moyo wa kusema wenzako wakicheka, mwanangu, na amjalie Neema aipende tena shule yake.