Kalenda ya Don Baudilio na Daftari la Deodata

Don Baudilio Ferreira alikuwa mtunza stoo wa jeshi miaka thelathini, akihesabu mablanketi. Alipostaafu akaja kutuhesabu sisi. Alibandika kalenda kwenye mlango wa kanisa letu: tarehe kumi hadi kumi na nane za kila mwezi zimepakwa wino mwekundu. Asiyetaka mimba akae mbali na mumewe siku hizo, anayetaka, asogee. Wanawake wote wa parokia, tarehe zilezile, kana kwamba sisi ni mablanketi ya bunda moja.

Tukafuata, ndiyo. Mjinga hakuwa yeye peke yake. Mwaka haujaisha, wenzetu watatu walikuwa na mimba wasizozitaka.

Aliyesimama kanisani Jumapili moja, baada ya misa, ni wifi yangu Deodata, mwoka chipa, ile mikate ya muhogo na jibini inayogombewa na abiria wa mabasi ya kwenda mji mkuu, Asunción.

"Don Baudilio, mimi mwezi huu nimeanza tarehe saba. Jirani yangu kaanza tarehe ishirini. Hiyo kumi yako ni ya nani?"

"Ni ya kitabu," akajibu, kifua mbele.

"Hicho kitabu huwa kinaingia mwezini?"

Kanisa zima likacheka. Mzee akawa mwekundu kuliko wino wake.

"Mwanamke wa heshima hatangazi mambo hayo mbele za watu!"

"Ila mwanamume wa heshima anayabandika mlangoni?"

Tangu siku hiyo wanawake wakaanza kuja kwetu, mimi na Deodata tukiwa tunasubiri tanuri lipate moto. Deodata alikuwa na daftari la miaka kumi na moja. Mkunga mmoja aliwahi kumfundisha: siku ya kwanza ya damu ndiyo moja, unahesabu hadi siku ya mwisho kabla ya damu nyingine. Mzunguko wake ulikuwa wa siku thelathini na tatu, wangu ishirini na sita. Alituonyesha kwamba yai hutoka kama wiki mbili kabla ya hedhi *inayokuja*, si baada ya iliyopita, na kwamba ute ukivutika kama wa yai la kuku, siku zenyewe zimekaribia.

"Andikeni miezi sita kwanza," alisema. "Na msiniletee kesi mkinasa mimba. Mwaka aliofariki mama, wangu ulichelewa siku kumi na mbili. Mwili si saa ya ukutani."

Aliyenishangaza ni Hermelinda, mke wa Baudilio mwenyewe. Alipitia mlango wa nyuma, amejifunika shali, midomo imepauka.

"Napata kila baada ya siku kumi na tano, kumi na sita," alinong'ona. "Inakaa siku tisa. Baudilio anasema ni wasiwasi tu, nimekosea kuhesabu."

Yeye wa kalenda nyekundu ndiye anasema mtu kakosea kuhesabu! Deodata alimpa daftari jipya na kalamu. Baada ya miezi miwili alilisoma, akalifunga.

"Dada, hili si la kwangu. Hili ni la daktari. Nenda nalo, usimweleze kwa mdomo, mwonyeshe."

Baudilio alikataa. Eti mke wake hawezi kuvuliwa nguo na mtu asiyemjua kwa sababu ya maneno ya mwoka mikate. Hermelinda akavaa viatu, akapanda basi la saa mbili asubuhi pamoja na Deodata, akamwacha anasema peke yake. Daktari aliangalia tarehe, akampima, akakuta uvimbe kwenye kizazi na damu iliyopungua vibaya. Wakamwongezea damu, wakamfanyia upasuaji.

Wiki hiyohiyo kalenda ilitoweka mlangoni. Baudilio alisema imelowa mvua. Ilikuwa Agosti, vumbi hadi kwenye kope.

Hermelinda alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, lakini uso una rangi. Nilikwenda kituoni kumpokea, nikamkuta mumewe, shati limepigwa pasi, akiwaeleza watu kwamba ni yeye aliyeshtuka mapema akampeleka hospitali.

Hermelinda aliteremka, akamsikia, akampa mfuko wa nguo.

"Beba huu," akamwambia, akanishika mkono mimi, tukatangulia.